Shingo ya binti na kucha za babu: nani atangulie hospitali?

SWALI

Mheshimiwa Daktari,

Assalaam aleikum. Nakuandikia nikiwa na mashaka yaliyonikosesha usingizi tangu shule zilipofunguliwa, na nakuomba radhi kama barua yangu itakuwa ndefu.

Nina binti wa miaka 14 anayesoma kidato cha pili. Mwaka jana shingo yake ilianza kuwa nyeusi kwa nyuma, kisha weusi ukazunguka hadi mbele, na sasa ngozi yenyewe imekuwa nene, ina mikunjo, na ukiipapasa ni kama unapapasa mahameli. Kwapani hali ni hiyo hiyo, na kwenye vifundo vya vidole vya mikono weusi umeanza kujitokeza. Mama yangu mzazi, ambaye nyumba yake na yangu zinatazamana, anashikilia kwamba mtoto haogi vizuri. Kila jioni humkalisha kwenye kigoda uani, humpaka ndimu na magadi, kisha humsugua kwa dodoki mpaka ngozi inachubuka, na mtoto hulia bila kusema neno. Wiki iliyopita mwalimu wa zamu alimtoa mstarini mbele ya wenzake akamwambia akaoge. Jirani yangu naye ameniletea kopo la krimu lisilo na maandishi yoyote, iliyochanganywa saluni, na ameniapia kwamba wiki mbili tu shingo itang'aa. Sijaitumia. Niongeze kwamba binti yangu ni mnene kwa umri wake, shangazi zake wawili upande wa baba wana kisukari, na hedhi yake, iliyoanza akiwa na miaka 11, sasa huweza kupitisha miezi miwili au mitatu bila kuonekana.

La pili ni dogo. Baba yangu ana miaka 67. Alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, katika chumba cha kusafishia singa, hadi alipostaafu, na alivuta sigara tangu ujanani mpaka alipoacha miaka mitano iliyopita. Binti yangu ndiye humkata kucha kila Ijumaa kabla ya sala, na ndiye aliyeniambia kwamba kikatio hakishiki tena kama zamani, kwa sababu kucha za babu zimepinda kuelekea chini na ncha za vidole zimekuwa nene na za mviringo. Baba anasema ni uzee, na kweli vidole havimuumi. Anakohoa kwa miezi minne sasa. Zahanati wamempa vidonge mara mbili pamoja na dawa ya maji. Usiku huchua vifundo vya miguu na vya mikono, anasema ni baridi yabisi. Suruali zake Mama amezipunguza kiuno.

Naomba unijibu: shingo ya binti yangu ni uchafu au ni ugonjwa, na ile krimu niitumie? Na je, zipo dalili nyingine za nje ambazo mtu asiye na taaluma anaweza kuziona kwa macho kabla ugonjwa haujakomaa? Picha ninazoziona kwenye simu karibu zote ni za Wazungu, na ngozi zetu haziko hivyo.

Mama mwenye mashaka,
Muheza, Tanga

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu.

Umeniuliza kuhusu shingo na nitakujibu kwa kirefu, lakini uniwie radhi nikianza na lile uliloliita dogo, kwa sababu katika barua yako yote hakuna jambo lililonifanya nirudi kusoma mara ya pili kama ile habari ya kikatio cha kucha. Shingo ya binti inaonekana na watu wote, inamtia aibu, inaleta maneno shuleni, na kwa hiyo imechukua nafasi yote kwenye fikra za nyumba yenu. Vidole vya Baba havimwaibishi mtu wala havimuumi mwenyewe. Hata hivyo, ningekuwa na nafasi ya kumwona mmoja tu wiki hii, ningemwita Baba.

Kuumuka kwa ncha za vidole, pamoja na kucha kupinda mbele na pembeni, ni dalili ya kale mno katika utabibu. Hippocrates wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alikwisha kuieleza kwa wagonjwa waliokuwa na usaha kifuani. Huanza polepole: kwanza nyama ya chini ya shina la ukucha hulainika, kiasi kwamba ukibonyeza ukucha unauhisi kama unaelea, kisha ile pembe ndogo iliyopo kati ya ngozi ya kidole na ukucha hujaa na kunyooka, baadaye ukucha wenyewe hupinda na ncha yote ya kidole hunenepa. Kwa sababu huchukua wiki nyingi au miezi, na kwa sababu kwa kawaida hakuna maumivu kwenye vidole vyenyewe, mwenyewe huwa wa mwisho kutambua. Kwenu ameona mjukuu, na ameona kwa sababu anavishika vidole hivyo kila wiki.

Kuna namna rahisi ya kutazama nyumbani. Mwombe Baba akunje vidole vyake viwili vya shahada, wa kulia na wa kushoto, kisha agusanishe viungo vya mwisho mgongo kwa mgongo, ukucha ukielekeana na ukucha. Mshikeni mkono kwenye mwanga wa mlangoni. Kwa mtu wa kawaida, katikati ya kucha hizo mbili hubaki kijitundu chenye umbo la uru wa karata, na mwanga hupita. Ncha zikishaumuka kijitundu hufungika. Aliyetuachia kipimo hiki ni Leo Schamroth, daktari wa moyo wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 1976 aliandika alichokiona kwenye vidole vyake mwenyewe alipougua maambukizi ya vali za moyo. Jaribu kwa Baba, kisha jaribu kwa vidole vyako ili upate kulinganisha. Ukiona kijitundu kipo lakini bado una wasiwasi, usiache kwenda. Kipimo cha nyumbani hukupa sababu ya kwenda, hakikupi ruhusa ya kubaki.

Sasa maana yake. Vidole vya namna hii si ugonjwa, na havitaji jina la ugonjwa mmoja. Mara nyingi huelekeza kwenye mapafu: usaha uliokaa ndani ya pafu, mirija ya hewa iliyopanuka na kuharibika, makovu yanayolikaza pafu, au saratani. Wakati mwingine huelekeza kwenye moyo, hasa vali zilizoambukizwa au kasoro za kuzaliwa zinazoifanya midomo kuwa ya bluu, na wakati mwingine kwenye ini lililosinyaa au kwenye ugonjwa wa muda mrefu wa utumbo. Wapo pia watu wachache wenye vidole hivi tangu ujana kwa sababu ukoo wao uko hivyo, na hao hawana tatizo lolote. Ndiyo maana swali la kwanza utakaloulizwa hospitali ni lini vilianza. Tafuta picha ya zamani ambayo mikono ya Baba inaonekana vizuri, ya harusi au ya kustaafu, uende nayo.

Kwa Baba, vidole havijaja peke yake. Kuna kikohozi cha miezi minne, kuna mwili uliopungua mpaka suruali zinapunguzwa kiuno, kuna miaka mingi ya sigara na vumbi la singa, na kuna vifundo vinavyochuliwa usiku. Hilo la vifundo nakuomba usilipite. Vidole vilivyoumuka vikifuatana na maumivu ya vifundo vya mikono na miguu, maumivu hayo huweza kuwa yanatoka kwenye utando unaofunika mifupa, na mchanganyiko huo unatufanya tulitazame pafu kwa makini zaidi, kwa sababu saratani ya mapafu ni miongoni mwa sababu zake kubwa. Sisemi kwamba Baba ana saratani. Nasema kwamba hastahili kuambiwa kwa mara ya tatu kwamba ni mafua ya kifua, akarudishwa na chupa ya dawa ya maji.

Niliseme na hili, maana nalisikia mno: mvutaji akikohoa, watu husema ni sigara. Ugonjwa wa kawaida wa mapafu ya wavutaji, ule wa kubanwa na kukohoa kila asubuhi, kwa kawaida hauumui ncha za vidole. Kwa hiyo mtu aliyevuta miaka mingi, ambaye vidole vyake vimeanza kubadilika, lazima itafutwe sababu nyingine. Kifua kikuu nacho, peke yake, mara nyingi hakifanyi hivyo, ingawa kikikaa muda mrefu na kuharibu pafu kinaweza.

Kwa hiyo vipimo ni viwili na vyote vinatakiwa. Cha kwanza ni makohozi, na kikohozi kilichozidi wiki mbili kinatosha kuwa sababu. Katika vituo vya serikali kipimo cha kifua kikuu na matibabu yake ni bure, na mahali penye mashine ya GeneXpert kazi ya mashine yenyewe haizidi saa mbili hivi. Makohozi yawe ya kutoka kifuani kweli, bora ya asubuhi, wala si mate. Cha pili ni picha ya kifua ya eksirei. Hapa ndipo wengi wanapoishia njiani: makohozi yakionekana hayana vimelea, familia inashukuru na kurudi nyumbani. Kwa mtu mwenye vidole kama vya Baba, makohozi safi yanaongeza umuhimu wa picha. Zahanati haina mashine hiyo, kwa hiyo ombeni barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya, au Bombo kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukifika mbele ya daktari usianze na historia ya familia. Sema hivi: "Baba anakohoa miezi minne, amepungua mwili, alivuta sigara miaka mingi na kufanya kazi kwenye vumbi la mkonge, ncha za vidole vyake zimeumuka na vifundo vinamuuma, tunaomba makohozi na picha ya kifua." Sentensi hiyo moja ina kila kitu anachokihitaji. Picha ikionyesha kivuli, hatua inayofuata huwa ni kipimo kikubwa zaidi cha kifua na kuchukuliwa kinyama kidogo kwa uchunguzi, na msikubali mtu yeyote awaambie jina la ugonjwa kabla ya majibu hayo. Picha ikiwa safi, kazi haijaisha, kwa sababu bado kuna moyo, ini na utumbo, na daktari ataendelea nako.

Najua kumpeleka mzee wa aina yake si jambo la kusema mara moja akavaa kanzu mkatoka. Usimtajie saratani. Mwombe kaka yake au mzee mwenzake wa msikitini amwambie kwamba kikohozi kirefu hupimwa makohozi, kwa faida yake na ya wajukuu anaoishi nao. Wazee wetu wengi hukataa kujitendea wema wenyewe, lakini kwa ajili ya mjukuu hukubali.

Tuje kwa binti.

Shingo yake si chafu. Kwa jinsi ulivyoieleza, weusi unaoanzia nyuma ya shingo, unaoenda kwapani na kwenye vifundo vya vidole, ukiambatana na ngozi kunenepa na kuwa kama mahameli, ni hali inayoitwa akanthosisi nigrikansi, na huonekana mara kwa mara kwa watoto na vijana wenye uzito mkubwa, hasa wenye kisukari katika ukoo. Kinachotokea ni hiki. Kongosho hutoa insulini ili sukari iliyomo kwenye damu iingie kwenye misuli na sehemu nyingine za mwili. Mwili ukianza kuwa sugu, usiitikie insulini kama inavyotakiwa, kongosho huongeza kutoa, na kwa muda mrefu kiwango cha insulini kwenye damu hubaki juu. Insulini nyingi kiasi hicho huchochea chembe za ngozi kuongezeka, na ngozi hunenepa na kuiva rangi pale penye mikunjo. Weusi huo unatoka ndani, na hakuna dodoki litakaloufikia.

Kama Mama bado hakubali, fanyeni jambo moja mbele yake. Chukueni pamba yenye spiriti ya hospitali, mpanguseni mtoto kidogo shingoni, taratibu, sehemu isiyo na mchubuko. Kuna hali nyingine ya ngozi, isiyo na madhara, inayofanana kabisa na uchafu, ambayo sabuni haiitoi lakini spiriti huiondoa papo hapo. Ikitoka, mshukuru Mungu na shauri limekwisha. Isipotoka, kama ninavyotarajia kwa maelezo yako, Mama atakuwa ameona kwa macho yake kwamba hakuna cha kusuguliwa. Kusugua kila siku huichubua ngozi na kuizidishia weusi na unene, na ndimu ikibaki kwenye ngozi ikapigwa na jua huiunguza na kuacha mabaka mapya. Komesheni leo.

Krimu ya jirani isitumike na mtu yeyote. Krimu zisizo na maandishi zinazochanganywa saluni mara nyingi huwa na zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za jamii ya steroidi. Zebaki hudhuru figo, na vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Steroidi kali huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuchanika, na zikiingia mwilini kwa wingi huweza kupandisha sukari ya damu, yaani zitamwongezea mtoto hatari ile ile tunayoiogopa.

Weusi huu haumaanishi kwamba binti yako ana kisukari. Wengi wao, wakipimwa, sukari huwa bado iko sawa, kwa sababu kongosho bado lina nguvu ya kufidia. Lakini pia sukari ikiwa sawa haimaanishi kwamba shingo imesema uongo. Inamaanisha mmeona mapema. Mpelekeni asubuhi akiwa hajala kwa saa nane, apimwe sukari ya kufunga; ikiwa milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, ikathibitishwa kwa kupima tena, ni kisukari. Panapopatikana kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu iliyopita, asilimia 6.5 au zaidi ina maana hiyo hiyo. Apimwe pia shinikizo la damu, urefu na uzito. Na hedhi usiache kuitaja. Katika mwaka wa kwanza hivi tangu mtoto avunje ungo, kuyumba kwa hedhi si ajabu, lakini yeye sasa yuko mwaka wa tatu, na kwa umri huo kupitisha zaidi ya siku 45 kati ya hedhi na hedhi kunahitaji kuchunguzwa. Usugu wa insulini na hedhi inayoruka mara nyingi huwa na uhusiano kupitia homoni za ovari, na daktari atamtazama pia kama ana chunusi nyingi au ndevu zinazochipua kidevuni. Muulize binti mkiwa wawili tu. Mbele ya babu na bibi hatakujibu.

Tiba ya shingo ni kuutibu huo usugu, na njia yake kuu ni mwendo na chakula. Usimnyime mtoto anayekua, wala usimpikie chungu chake peke yake, maana hiyo ni adhabu nyingine baada ya dodoki. Badilisheni sufuria ya nyumba nzima. Soda moja ya mililita 350 huwa na zaidi ya gramu 30 za sukari, na kama huo ndio utaratibu wa kila siku akitoka shule, ukiiondoa hiyo na juisi za kupakiwa, ukapunguza sukari kwenye chai na maandazi ya asubuhi, utakuwa umefanya zaidi ya krimu yoyote. Atembee, aruke kamba, acheze rede na wenzake, kila siku, mpaka atokwe jasho. Kuna dawa ambayo daktari anaweza kuamua kumpa, lakini huo ni uamuzi wake baada ya vipimo. Ngozi hurudi taratibu, kwa miezi mingi, na wakati mwingine haisafiki yote. Akishapimwa, ombeni daktari aandike mistari miwili kwa mkuu wa shule kwamba hali hii ni ya kitabibu, kisha nendeni wenyewe mkaongee na mwalimu wa zamu.

Tahadhari moja kabla sijaiacha shingo. Dalili hii hii, ikijitokeza ghafla kwa mtu mzima asiye mnene, ikaenea haraka hadi midomoni au viganjani, huwa na maana tofauti kabisa, na inahitaji kuchunguzwa kwa haraka kwa hofu ya saratani, hasa ya tumbo. Umri wa mtu na kasi ya badiliko hubadilisha maana ya dalili ile ile, na hiyo ndiyo sababu siwezi kukupa orodha ya picha ukazilinganisha na watu wa nyumbani kwako.

Swali lako la mwisho ni la haki. Vitabu vingi vya tiba vimejaa picha za ngozi nyeupe, ambako wekundu na umanjano huonekana kwa urahisi. Kwetu sisi jicho lielekezwe pale ambapo rangi ya ngozi ni chache: upande wa ndani wa kope ya chini, ulimi, fizi, viganja, nyayo na sehemu nyeupe ya jicho. Na mwanga uwe wa mchana, kwa sababu taa za umeme za rangi ya njano zimemponza zaidi ya tabibu mmoja.

Upungufu wa damu utauona kwenye kope ya ndani na kiganjani. Watoa huduma ngazi ya msingi hufundishwa kukiweka kiganja cha mtoto kando ya kiganja cha mtu mwenye afya, na wewe unaweza kufanya hivyo. Kiganja kilichofifia ni sababu ya kupima wingi wa damu, kisha kutafuta kinachoimaliza, iwe malaria, minyoo, hedhi nyingi au kidonda cha tumbo. Vidonge vya madini ya chuma bila kutafuta chanzo ni nusu ya kazi.

Manjano ya macho huwatatiza hata waliosoma, maana wengi wetu, hasa watu wazima, tuna vidoa vya hudhurungi kwenye weupe wa jicho vinavyotokana na rangi yetu ya asili, jua na vumbi. Hivyo huwa na mabaka. Umanjano wa ugonjwa husambaa sawasawa kwenye weupe wote: mwambie mtu atazame chini, uinue kope ya juu, uangalie sehemu ambayo kwa kawaida jua haliifikii, kisha aufunue ulimi uangalie chini yake. Uulize na mkojo. Ukiwa mzito wa rangi ya chai ya rangi, na choo kikawa cheupe kama udongo, ini au njia ya nyongo ina tatizo. Viganja vikiwa vya njano lakini macho ni meupe, huenda mtu amekula karoti na maboga kwa wingi tu.

Uvimbe nao una saa zake. Uso na kope zinazovimba asubuhi, hasa kwa mtoto, hutufanya tupime mkojo kwa ajili ya figo. Miguu inayojaa jioni, ukibonyeza kwa dole gumba juu ya mfupa wa muundi pakabaki shimo, huelekeza kwenye moyo, figo, ini, au mishipa ya miguu tu kwa mtu anayesimama kutwa.

Kwenye kucha, nakuomba usihangaike na vidoa vyeupe wala mistari midogo ya wima. Havina uzito ambao watu huvipa. Mistari ya kahawia inayopita kwenye kucha kadhaa ni ya kawaida kwa watu weusi. Ila mstari mmoja mpya, kwenye ukucha mmoja, hasa wa kidole gumba cha mkono au mguu, unaopanuka au kumwaga rangi kwenye ngozi ya pembeni, lazima uonwe na daktari. Bob Marley alikuwa na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, iliyotambuliwa mwaka 1977 baada ya kudhaniwa kuwa jeraha la mpira, na ilimuua Mei 1981 akiwa na miaka 36.

Haya yote yanaweza kungoja siku ya kliniki, isipokuwa machache. Mjamzito anayevimba uso na mikono huku kichwa kinamuuma au macho yanaona giza, mtoto anayehema kwa shida na ulimi umegeuka bluu, na mtu mwenye manjano aliyeanza kuchanganyikiwa, hao wanaondoka nyumbani muda huo huo. Na Baba akitoa damu kwenye makohozi, hata kama ni michirizi tu kwenye leso, msisubiri barua ya rufaa wala tarehe ya picha. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.